Chui Mbele ya Mfalme

Pale zahanati walimwita Mama Vipimo, na jina hilo likamfuata hadi kwenye chama cha sataranji, maana kote kuwili alikuwa mtu yule yule: hatoi jibu kabla hajaangalia. Umri wake wa kazi wote aliupitisha ameinamia hadubini. Wauguzi vijana wakimharakisha, "Mama, andika tu malaria, si unaona mgonjwa anatetemeka?" huwajibu bila kuinua kichwa, "Kaandike wewe, halafu ukamzike wewe."

Chama kilianzishwa na marehemu mume wake, fundi redio, mtu mpole aliyependa kuona kitu kikifanya kazi. Ndiye aliyeanzisha pia mashindano ya kubuni. Kila mwaka wanachama waliunda mchezo mpya kutokana na sataranji: mfalme abaki, anayemkamata mfalme wa mwenzake ashinde, mengine yote ruksa kubadilisha. Fundi aliacha masharti mawili tu. La kwanza, mada ya mwaka lazima imfunge mchezaji mkono, imlazimishe kufikiri upya. Mtu akileta mada, anaulizwa, "Inanikataza nini?" Akikosa jibu, mada yake inawekwa kando. La pili, hakuna mchezo unaopewa alama kabla majaji hawajaucheza, tena mara mbili, wakibadilishana rangi.

Fundi alipofariki, uenyekiti ukachukuliwa na mdogo wake, muuza bima, mwenye tai kila siku na maneno matamu hata kwa mtu anayemkatalia. Tuzo yenyewe, ubao wa sataranji aliouchonga Fundi kwa mkono wake, ikabaki chini ya mjane wake, Mama Vipimo. Mshindi hukaa na ubao huo mwaka mmoja, kisha anamrudishia.

Ugomvi ulianzia kwenye mada. Mama Vipimo alipendekeza ubao wenye shimo katikati, miraba minne ya kati isikanyagike. Mwenyekiti akacheka.

"Shemeji, shimo? Nani atakuja kutazama shimo? Mada ya mwaka huu ni Msitu."

"Msitu unanikataza nini?"

"Haukatazi kitu, unapendeza! Tembo, nyani, chui. Watu watapiga picha."

"Hiyo si mada. Hiyo ni rangi ya kupaka."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, Msitu ukapita. Kinyozi, ambaye chumba cha nyuma ya duka lake ndicho ukumbi wa chama, aliunyoosha wake taratibu huku akitazama dari. Yeye, Mwenyekiti na Mama Vipimo ndio waliokuwa majaji.

Kazi zilipoletwa, Mwenyekiti akaja na mtindo mpya. Majaji hawatacheza. Kila mmoja atatumiwa picha na maelezo kwenye simu, atoe alama za mwonekano, za hadithi na za lugha. Mama Vipimo alimpigia hapo hapo.

"Na alama za mchezo wenyewe ziko wapi?"

"Shemeji, sisi ni watu wazoefu. Mtu ukisoma tu unajua."

"Mimi nimezoea kuliko wewe, na sijui."

Alikataa kutoa alama. Wenzake wakatoa bila yeye. Aliyeongoza alikuwa mwenye duka la rangi, aliyeleta chui, tembo na nyani waliopakwa wakapakika, hadi masharubu ya chui yalionekana. Wa pili, kwa mbali, alikuwa dereva wa winchi, mtu mkimya aliyekuja na boksi la kadibodi na vizibo vya chupa. Yeye peke yake ndiye aliyejiuliza msitu unakataza nini: kwake, kila kete inayoliwa inaacha mti pale ilipofia, na mti haupitiki. Kwa mwonekano alipewa sifuri. Mama Vipimo aliposikia sifuri ile, damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma.

Asubuhi ya sherehe, kabla wageni hawajafika, alimkuta Kinyozi akipanga viti. Kete za yule mshindi zilikuwa tayari mezani, zimepangwa kwenye ubao wa maonyesho.

"Kaa," alimwambia. "Tunacheza."

"Mama, alama zimeshatoka..."

"Kaa, nimesema. Anza wewe."

Kinyozi akafuta mikono kwenye koti lake jeupe, akachukua karatasi ya maelezo. "Chui huruka juu ya kete yoyote, mbele, nyuma au kando, umbali wowote," alisoma. "Hukaa mbele ya mfalme wake, akimlinda." Akamtazama chui wake. Akatazama upande wa pili, ambako mfalme wa Mama Vipimo alisimama kwenye mstari ule ule, nyuma ya chui wake. Kinyozi akainua kete, akairusha juu ya chui wa adui, akaishusha juu ya mfalme.

"Nimemla mfalme," alisema, kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Mara ngapi umecheza?"

"Mara moja tu, Mama."

"Basi mchezo umekwisha. Anayeanza ameshinda kabla ya kuanza. Na wewe huu umeupa alama zote!"

Kinyozi alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. Akaungama kwamba mwanzoni chui alikuwa pembeni, kwenye kona. Mwenyekiti ndiye aliyemshauri mwenye duka la rangi amsogeze mbele ya mfalme, maana pale anatoka vizuri kwenye picha.

Mwenyekiti alipoingia, tai yake nyekundu ikimtangulia, Mama Vipimo hakumpa nafasi ya kusalimia. Alimwonyesha. Shemeji yake alitazama ubao, akakuna kidevu, akafunga mlango.

"Sawa, kuna kasoro ndogo."

"Ndogo!"

"Shemeji, punguza sauti. Wageni wako njiani. Leo tunampa tuzo, kesho anamrudisha chui kwenye kona. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

"Hivi wewe unafurahi nini kuharibu siku ya watu? Kaka angekuwa hai..."

"Kaka yako angekuwa hai, usingethubutu kuingia humu na mchezo ambao hujaucheza. Usimtie mdomoni maneno yako."

Wapo wanaodhani uzembe wa namna hii ni jambo dogo, eti ni mchezo tu. Lakini mtu anayetoa hukumu kwa kitu ambacho hajakigusa amedanganya, awe na kalamu ya hakimu au karatasi ya alama za sataranji. Aliyeshinda kwa uongo amedanganywa, na aliyeshindwa ameibiwa.

Watu walipojaa, Mwenyekiti alihutubia kwa kirefu, kisha akamwita shemeji yake akabidhi ubao. Mama Vipimo akasimama, ubao ameukumbatia kifuani.

"Kabla sijautoa, naomba mshindi acheze na Mwenyekiti mbele yetu. Raundi moja tu."

Mwenye duka la rangi alifurahi kweli, maskini. Alikaa, akakunja mikono ya shati, na kwa kuwa ndiye aliyeanza, akamtazama chui wake akitafuta pa kumpeleka. Akainama karibu zaidi.

"Ngojeni," alisema. "Hivi... si ninamla mfalme sasa hivi?"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Raundi ya pili basi, hii hatukuiona!"

Mwenyekiti alisimama, jasho limemlowesha kola. "Majaji wameshaamua! Mwonekano umeshinda! Kinyozi, si tumekubaliana? Sema!"

Kila mtu akamgeukia Kinyozi. Alijua. Asubuhi ile alikuwa amemla mfalme kwa mkono wake mwenyewe. Akatazama dari.

"Alama ni alama," alisema.

Mama Vipimo alimkazia macho kitambo. Shemeji alikuwa na faida yake ya kutafuta, picha na wageni, lakini huyu aliona, akaamua kuwa hakuona. Hakumsamehe.

"Basi mpeni cheti," alisema. "Ubao huu haumfuati mtu ambaye mchezo wake haukuchezwa. Na jina la mume wangu liondoeni kwenye mashindano haya. Yaiteni maonyesho ya rangi."

"Ukitoka na ubao huo, Shemeji, umetoka kwenye chama!"

"Nimetoka."

Nje, dereva wa winchi alikuwa ameshika boksi lake, akijiandaa kuondoka.

"Wewe," alimwita kwa ukali ule ule. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mama. Nimeshindwa."

"Hujashindwa, hujachezwa. Na usidhani nimekuja kukupa ubao. Panga kete."

Walikaa kwenye ngazi za duka, vizibo juu ya ubao wa Fundi, makofi machache ya ukumbini yakiwafikia mlangoni. Walicheza, wakabadilishana rangi, wakacheza tena. Raundi ya pili miti ilijaa ubao mzima, kete zikakwama, mfalme hakukamatika kwa lolote. Dereva alisubiri neno.

"Mwanzo wako ni mzuri sana," alisema Mama Vipimo. "Mwisho wako mbovu. Miti lazima ife baada ya muda. Huu hautashinda hivi hivi."

Dereva aliitikia kwa kichwa, akaanza kuondoa vizibo. "Ife baada ya zamu ngapi?"

"Sijui," alijibu, hasira bado imemjaa kifuani. "Panga tena, tuone."