Chumba cha Mbele Kilipokuwa cha Hadji

Mama yangu alitengeneza nyumba kwa kuiweka rehani nyumba ile ile, na mpaka leo sijaona mtu aliyefanya jambo hilo kwa maringo kama yeye. Wengine huweka rehani kwa kunong'ona. Yeye alivaa kitenge cha kwendea misa.

Baba hakuwepo. Alikuwa amepeleka maharagwe Kinshasa kwa ndege, kama wafanyabiashara wa Beni na Butembo walivyozoea, na siku ya kuondoka alimwambia mama: "Nikirudia, tutapiga ciment," yaani tutajenga nyumba ya simenti. Haukupita mwezi, vita ikaanza, nchi ikakatika vipande, ndege zikasimama. Baba akabaki upande ule, sisi upande huu. Mama alikuwa na mimba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hasira ya kumtosha bibi kizee.

Nyumba yetu ya Bungulu, mtaa wa Beni, ilikuwa ya miti na udongo. Katika mvua za mwaka wa pili, ukuta wa nyuma ulilala chini tukiwa misani, polepole tu, hata sahani haikuvunjika. Tulirundikana chumba kimoja, mama na sisi watano. Nilikuwa nalala na miguu ya kaka yangu usoni, na nilimlaumu baba, vita na miguu hiyo kwa zamu.

Ndipo mama akaenda kwa Hadji. Huyu alikuwa Mwislamu wa Beni, mwenye malori mawili ya kuleta chumvi na makayabo, yaani samaki wa chumvi, kutoka Kasindi mpakani, na alikuwa anatafuta depo ya kuwekea mizigo karibu na barabara. Wakapatana gage, ndivyo tunavyoita rehani kwetu. Hadji atatoa mabati, simenti na matofali ya vyumba vitatu vya nyuma. Yeye atakaa na chumba chetu cha mbele, salon yenyewe ya kupokelea wageni, miaka mitatu bila kodi. Muda ukiisha, chumba kinarudi na mambo yamekwisha. Lakini mama akimtoa kabla ya muda, bila kumrudishia vitu vyote, kiwanja kizima, parcelle yetu, kinakuwa chake.

Baba mdogo alikuja kutoka Butembo makusudi kufoka.

"Mwanamuke hawezi tia parcelle ya bwana yake mu gage!"

"Parcelle hapana, shemeji," mama akajibu, mkono ukiendelea kuchambua maharagwe. "Salon tu."

Mkataba aliuandika mwenyewe, kwenye karatasi mbili alizochana katikati ya daftari langu la hesabu bila kuniomba. Chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akatia sahihi. Hadji akapachika mlango wake wa chuma pale mbele, akaingiza magunia, na tangu siku hiyo nguo zetu, daftari zetu, hata sala zetu zilinuka makayabo.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alitupa yeye mabati. Vyumba vya nyuma vilisimama, sakafu ya simenti ikalala imenyooka, na mama akaipiga deki mara tatu kwa siku hata tukaogopa kuikanyaga. Kiti kikubwa cha baba hakikuingia huko nyuma, kikabaki kwa Hadji. Kila mchana Hadji alikaa juu yake mlangoni akihesabu tasbihi, na mdogo wetu, aliyezaliwa baba akiwa amekwenda, alipanda magotini kwake na kumwita Papa Hadji.

Mara moja moja tulizungumza na baba kwa fonii, ile redio ambayo chumba kizima kinakusikiliza ukiongea na mtu wako. Mama alisema tuko wazima, batoto banasoma, basi. Kuhusu nyumba, kimya. "Mambo ya nyumba habasemake mbele ya batu," aliniambia. Nadhani pia alitaka baba aone kwa macho. Mimi nilimwona ana kichwa kigumu, na sikuwa nimekosea.

Ilibaki miezi saba ya mkataba. Mchana mmoja mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma, mimi nafua, Hadji akaja na mdogo wetu mkononi.

"Mama, kuko mutu alipita hapa na sac mukononi. Aliuliza nyumba ni ya nani. Nikamwambia: kwa sasa salon ni yangu, huko nyuma ni ya mama ya huyu mutoto. Nikamupa kiti, akakataa. Huyu mutoto naye akaniita papa. Ule mutu akaangalia mabati, akapiga ukuta na kidole, akategesha sikio. Akaenda."

Mchi ulisimama hewani. Katika Beni yote, mtu mmoja tu alikuwa na tabia ya kupiga kuta za watu kwa kidole na kuzisikiliza kama daktari.

Mama alitoka mbio na mchi mkononi. Nikamfuata, na nyuma yangu nusu ya mtaa, maana mwanamke anayekimbia na mchi hawezi kukosa watu wa kumsindikiza. Tulimkuta baba kwenye paki ya malori ya Butembo, amekaa juu ya mfuko wake, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Alikuwa anakwenda zake kwa mdogo wake. Alipomwona mama akasimama, kofia mkononi, kama mtu aliye mbele ya ofisi.

"Sikukuja kuvuruga ndoa ya mutu," alisema. "Nilitaka tu kuona batoto. Lakini niliona uko muzuri."

"Ndoa gani?" Mama alikuwa anahema. "Ni salon njo niliozesha, hapana miye!"

Paki nzima ikacheka. Baba hakucheka. Alikaa tena juu ya mfuko, akaficha uso ndani ya kofia, na mama akasimama karibu naye mpaka alipomaliza kulia. Mimi nililia kwa hasira. Karibu miaka mitano namngoja mtu, naye anataka kuondoka kwa adabu!

Tulirudi, baba amebeba mchi. Tuliingilia nyuma. Alivua viatu mbele ya simenti, akapapasa kuta chumba kwa chumba, akapiga kidole, akasikiliza, na niliona uso wake unazidi kushuka.

"Miye njo nilisema nitapiga ciment," alisema mwishowe.

Akafungua mfuko. Ndani ya shati kuukuu alikuwa amefunga kitasa kipya cha shaba na funguo zake mbili, alichokibeba tangu Kinshasa kwa boti, pikipiki na miguu. Akaangalia milango yetu. Yote ilikuwa na vitasa. Akakifunga tena ndani ya shati, na sikujua niweke wapi macho yangu.

Miezi saba baba alipiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Hadji alikuwa akinyanyuka kumpa kiti, naye akikataa: "Karatasi ni karatasi." Walizoeana hata wakaanza kugombana juu ya bei ya chumvi.

Siku ya mwisho Hadji alitoa magunia, kisha akang'oa na mlango wake wa chuma. Mbele ya nyumba ikabaki wazi, kuku wakaingia kuangalia. Nikawaka. Nikaleta karatasi ya daftari langu nimwonyeshe mzee huyu. Humo, kwa mwandiko wa mama: *Mulango, Hadji atatoka nayo.*

"Nilitaka niwaachilie," Hadji akasema. "Mama yako njo alikataa."

Baba alikuwa ameshakwenda kutafuta mbao. Alipiga randa siku mbili akiimba, na siku ya tatu kile kitasa cha shaba kikakaa mahali pake. Nilimfuata mama jikoni, nikamuuliza sababu ya kukataa mlango wa bure.

"Kama ningemaliza yote," alisema, "papa yako angerudilia kazi gani?"

Halafu akanituma nikafukuze kuku salon.