Kioo Kimekubali

Watu wa kule kilimani walimwita Mzee Pamba, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuosha kioo. Usicheke. Hakikuwa kioo cha dirisha wala cha kinyozi. Kilikuwa kioo cha darubini kubwa, duara la upana wa mita nne, zito kuliko lori na shehena yake, ambalo wataalamu hulitumia kukusanya mwanga wa nyota zilizo mbali mno hata hesabu zake zinachosha. Wataalamu walikuja na shahada zao wakaondoka nazo. Yeye alikaa miaka ishirini na saba na pamba yake mkononi, na hakuna nyota iliyopigwa picha pale ambayo mwanga wake haukugusa kwanza mahali alipofuta yeye. Hilo alilijua, na lilimpa kiburi kidogo ambacho sioni sababu ya kumlaumu nacho.

Mwaka huo darubini ilikuwa katika ukarabati mkubwa, mwaka wa pili sasa. Kamera ya zamani ilishushwa, mpya ikawa njiani. Mota za kuzungusha kuba zilibadilishwa, na nyaya za miaka na miaka zikatolewa ukutani kama matumbo ya kuku. Kwenye kantini palikuwa na ubao mweupe, na kila Ijumaa Mhandisi Mkuu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliandika pale kazi imefika asilimia ngapi. Hamsini na nane. Sitini na tatu. Sabini na moja. Watu walikunywa chai wakiutazama, kila mmoja akihesabu ndani ya tarakimu ile jasho lake mwenyewe.

Kubwa lililobaki lilikuwa kioo. Kilitakiwa kivuliwe utando wa zamani wa alumini, kioshwe, kisha kiingizwe kwenye tangi linalofyonzwa hewa yote na kupakwa utando mpya, mwembamba kuliko unywele mara mamia. Utando huo una madaha. Ukikuta mafuta ya kidole, au hata tone moja la jasho, haushiki. Unakaa siku chache kwa kuzuga, halafu unabanduka.

Mashine za kupima usafi zilikuwepo, lakini watu wa kioo walikuwa na namna yao waliyorithishana. Kioo kiligawanywa vipande kumi na viwili, kama keki, kwa alama za chaki kwenye fremu. Ubao mrefu uliwekwa juu yake bila kukigusa, na watu wawili wakalala kifudifudi juu ya ubao, mmoja huku, mmoja kule. Mkubwa wa kazi alivua barakoa na kukipumulia kioo, kipande baada ya kipande. Ukungu wa pumzi ukitanda sawasawa, ni safi. Ukikatika mahali, hapo pana uchafu. Ukungu wenyewe hudumu sekunde tatu, nne ukibahatika. Akimaliza vyote kumi na viwili, mkubwa husema, "Kioo kimekubali." Baada ya neno hilo hakuna anayekipumulia tena. Haikuandikwa popote. Ilikuwa adabu ya kazi tu, kwamba anayerudia nyuma ya mkubwa amemwita mwongo mbele ya watu.

Sasa, Mzee Pamba alikuwa na presha ya macho, na hakuna aliyeambiwa kazini.

Ilikuwa imemtafuna miaka mitatu. Daktari alimwambia bila kuzunguka, "Kilichokwenda hakirudi, mzee. Tutalinda kilichobaki." Kilichobaki kilikuwa cha katikati. Gazeti alisoma, uzi alipitisha kwenye sindano, lakini pembeni kote kulikuwa kumefungwa, akawa anaiona dunia vipande vipande. Kutafuta chumvi juu ya meza yake mwenyewe kulikuwa safari. Mkewe alijua, matone ya dawa yalikaa ndani ya kopo la majani ya chai, nyuma ya lile la sukari. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliwajibu moyoni kwamba kifo kisubiri kwanza ukarabati uishe. Alitaka kukiosha kioo mara moja ya mwisho, akione kikipanda mahali pake, kisha aage akiwa bado anaitwa fundi. Hilo tu. Lakini sekunde tatu hazimtoshi mtu anayelazimika kuutafuta ukungu kwa kugeuza kichwa, na hilo nalo alilijua.

Mwenzake wa upande wa pili wa ubao alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba wa watoto watatu, mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye Mzee Pamba mwenyewe alimwingiza kazini. Shemeji alikuwa na utani wake mmoja aliourudia tangu siku ya kwanza: "Dada yangu angejua kwamba ana mke mwenza wa tani kumi na tano, asingekubali posa." Wakicheka hivyo, wakivaa buti za kitambaa, wakishonana mifuko ya maovaroli ili kisianguke kitu, mtu angedhani ni watoto wa tumbo moja.

Siku ya kukagua ilikuwa Jumanne asubuhi. Juu, kwenye kibaraza cha chuma kinachozunguka kuba, alisimama Mhandisi Mkuu na wageni wanane wa kamati waliovaa kofia ngumu. Mzee Pamba alipumulia kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha saba shingo ilikuwa inawaka na paji la uso limelowa. Akapumua. Akatazama katikati: safi. Akageuza kichwa kushoto: safi. Alipogeuka kulia, ukungu ulikuwa umeshakwenda zake.

Alijua hajauona upande wa kulia. Angeweza kupumua tena, lakini kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kupumulia kipande mara mbili, na wale wanane walikuwa wanatazama. Akainua macho kumtafuta shemeji. Shemeji alikuwa ameinamia kioo. Mzee Pamba akasogea cha nane.

"Kioo kimekubali," alisema mwishoni, na kule juu wakapiga makofi.

Kioo kikapakwa, kiking'aa hata ukikitazama unajionea haya. Tarakimu ya kantini ikapanda hadi themanini na tatu. Siku tisa baadaye fundi wa vipimo alikuja na utepe wake wa gundi, akawa anaubandika na kuubandua hapa na pale kama desturi. Kwenye kipande cha saba, upande wa kulia, utepe uliondoka na alumini, doa la ukubwa wa kiganja. Akajaribu pembeni yake, likapanuka. Kioo hakitiwi kiraka. Ilibidi utando wote uvuliwe na kazi ianze upya, na kreni ya kukodi iliyokuwa ikikiinua ilikuwa imeshateremka kilima. Miezi minane, alisema Mhandisi Mkuu. Kamera mpya ingekaa ndani ya sanduku. Akafuta themanini na tatu kwa kiganja chake, akaandika sitini na sita.

Kwenye kikao cha kutafuta kosa lilipotokea, hoja ilikwenda upesi. Kioo kilikaguliwa kikakubali. Jicho la Mzee Pamba halijawahi kukosea. Basi kilichafuliwa baada ya hapo, na aliyeondoa ubao upande ule, kitabu cha zamu kinasema, ni shemeji yake. Wakamgeukia.

"Huenda ni mimi," Shemeji alisema.

"Huenda, au ni wewe?"

"Andikeni ni mimi."

Wakamwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Mzee Pamba alikuwa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, na mdomo wake anao, na hakuufungua. Hapo sina la kumtetea. Aliona haya, aliogopa, na kila neno alilolitafuta lilianza na macho yake, akashindwa kulitamka.

Nyumbani mkewe hakumlalamikia, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akasema, "Ndugu yangu leo siku ya tano anatengeneza mlango ambao haujaharibika."

Jumamosi mchana alikwenda. Alimkuta kweli ameulaza mlango juu ya viti viwili, anaupiga randa.

"Shemeji," alisema, "kosa lile ni langu. Mimi sioni. Nina presha ya macho, mwaka wa tatu huu."

Shemeji aliendelea na randa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipomwaga maji ya sabuni nje ya ndoo, ukasema ndoo imehama." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Kila mara tulipokagua vile vioo vidogo vya ndani ya darubini, nilipumua mimi kwanza, kabla hujafika. Nikiona pabaya nafuta. Wewe ukija unakuta safi."

Mzee Pamba alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kizingiti. Miaka mitatu alikuwa akijisifu kimoyomoyo kwamba jicho lake, hata likiwa nusu, bado lilimtosha.

"Na hiki?"

"Hiki pia. Asubuhi kilikuwa safi, chote. Ulipofika cha saba likakudondoka jasho. Ukapumua, ukungu ukakatika kulia, hivi." Akaonyesha kiganja. "Niliuona."

"Ukaniacha niseme kimekubali?"

"Nilitaka unitazame."

"Nilikutazama."

"Nikatazama chini." Shemeji aliiweka randa. "Ningesema nini, shemeji? Mbele ya wale wote, kwamba mume wa dada yangu haoni? Nilidhani nitarudi kulifuta wakishaondoka. Wakakaa mpaka kioo kimeingia tangini."

 Watoto wa Shemeji walikuwa wakibishana ndani juu ya rimoti. Mzee Pamba alijisikia mchafu mwili mzima, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kusafisha. Kuna msemo kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliyeusema hakuambiwa kwamba mtu aweza kufa vyote viwili akiwa amekaa kwenye kizingiti cha shemeji yake saa nane mchana.

"Jumatatu nakwenda kusema," alisema.

"Sema ya kwako, basi," Shemeji alimjibu. "Kazi naihitaji."

Jumatatu alivaa shati la mikutano akaingia ofisi ya Mhandisi Mkuu bila miadi. Akasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeogopa akitulia ataghairi: daktari, matone, kopo la chai, kipande cha saba, jasho. Mhandisi Mkuu hakumkatiza. Alimletea maji, akajaza glasi mwenyewe, akaiweka karibu kabisa na mkono wake.

"Mzee wangu," alisema, "ugonjwa si kosa. Ungetuambia mapema. Lakini nikuulize, na usinielewe vibaya. Yule ni shemeji yako. Kamati itasema umekuja kumbebea mzigo. Hayo macho, nani mwingine anayajua? Nani alikuona siku ile?"

Mzee Pamba hakufikiri. Alikuwa amekuja kumtoa mtu shimoni, akaulizwa kamba iko wapi, akaitoa.

"Mwulizeni yeye mwenyewe," alisema. "Yeye aliliona doa. Aliona ukungu umekatika, kwa macho yake. Akanyamaza kwa ajili ya kunisitiri tu. Mtu wa namna hiyo mnawezaje kumwacha?"

Mhandisi Mkuu aliweka kalamu chini.

"Aliliona?"

"Aliliona."

"Kabla kioo hakijaingia tangini?"

Ndipo Mzee Pamba aliposikia alichokisema. Alifungua mdomo akitafuta pa kulirudishia neno, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mhandisi Mkuu alivuta droo, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akaitazama, na hakumpa.

"Hii ni barua ya kumrudisha," alisema. "Ilikuwa aanze kesho. Mtu akigusa kioo kwa bahati mbaya, ni uzembe, tunamwonya, tunaendelea. Mimi mwenyewe niliwahi kudondosha spana."  Haikuwa rahisi kwake, na nisingependa umchukie. "Lakini mtu aliyeona doa, akajua, akaacha watu sitini wapoteze miezi minane, huyo siwezi kumpandisha tena juu ya ubao. Hakuna atakayenielewa."

"Basi niandikeni mimi."

"Wewe utaagwa kwa heshima, mzee. Macho yako yana cheti cha daktari."

Alishuka kilima kwa miguu, akishika ukingo wa barabara. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tunafundishwa tukiwa wadogo, na sina ugomvi na fundisho hilo. Ila asubuhi ile Mzee Pamba angeupokea uwongo wowote kwa mikono miwili, mradi umrudishe nyuma kwa robo saa.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa amekaa sebuleni, amenyoa, ovaroli lake limefuliwa na kukunjwa magotini, maana mtunza stoo alikuwa amempigia simu asubuhi kumnong'oneza kwamba barua yake imeshaandikwa. Mke wa Mzee Pamba alitoka jikoni akipangusa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Haya, tuambie," alisema. "Anaanza lini?"

Mzee Pamba alibaki amesimama. Kutoka pale mlangoni aliweza kumwona mmoja tu kwa wakati mmoja, akamchagua Shemeji.

"Nimewaambia yote," alisema. "Na uliloniambia wewe."