Mtu Ndani ya Tangi la Alizeti

Sitakuapia. Niamini tu kwa sababu mpaka leo chipsi zikikaangwa karibu yangu, natafuta pa kutapikia. Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti pale Ihumwa nilipokuwa fundi wa umeme.

Bosi alitaka kamera juu ya tangi ambamo mafuta hutulia kabla ya kujazwa kwenye madumu. Nikaifunga, na picha yake nikaiweka kwenye ukurasa uleule wa kompyuta wenye vitufe vya pampu, ili anayebonyeza aone kwanza ndani ya tangi. Mtandao wetu ulikuwa wa kusuasua, picha inaganda kila mara. Kwa hiyo niliwaambia wote, kwa kiburi changu cha ufundi, kwamba picha ikiwatatiza waamini geji inayoonyesha kina cha mafuta.

Siku ya kujaza madumu ya kwanza ya msimu nilikaa mimi kwenye kompyuta. Nikafungua picha. Ndani ya tangi alikuwamo mtu, amekaa, mafuta yamemfika kifuani.

Unadhani nilishtuka? Nilikasirika, nikijua ni kibarua anafanya uchafu. Kisha nikamtazama vizuri. Alikuwa mzee, ngozi imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Alichota mafuta kwa kiganja, akasukutua, akatema mlemle. Akajisugua kwapa. Akabandua kigaga shingoni, akakitafuna. Picha haikuganda hata kidogo siku hiyo.

Nikampigia Mzee Chilongani, msimamizi wa tangi, anayeshinda juu ya ngazi.

"Shikamoo mzee. Hebu chungulia tangini, yumo nani?"

"Marahaba. Nachungulia hapa, mwanangu. Hamna mtu, mafuta tu."

Nami namwona kwenye picha, ameinama ukingoni, simu sikioni. Yule kiumbe akainuka, akashika pindo la koti la mzee, akajifutia mdomo taratibu.

"Mzee, koti lako likoje?"

Akalipapasa. "Limelowa mafuta. Sijui nimegusa wapi."

Nikatazama geji. Pampu zote zilikuwa zimezimwa tangu asubuhi, lakini mafuta yalikuwa yamepanda, kama yanavyopanda maji ya beseni mtu akiingia.

Nikampigia bosi, nikamwambia kuna mtu kwenye picha, tumwage mafuta yote. Magari ya wateja yalikuwa yameshajipanga getini.

"Fundi, si wewe uliyetufundisha tusiamini picha?" akasema. "Mzee kachungulia, hamna kitu. Bonyeza, au mpishe anayeweza."

Ningemwambia habari ya geji. Sikumwambia. Nilikuwa nimesota mtaani muda mrefu kabla ya kazi ile, nikaogopa kurudi huko. Nikabonyeza. Yule kiumbe akazama polepole huku ananikodolea macho, mdomo wazi, mafuta yakiingia na kutoka. Najichukia kwa kile kidole.

Pale kiwandani kila mfanyakazi hupewa dumu moja la mafuta ya kwanza ya msimu, naye hulipeleka kwa mzazi wake. Wakati mimi natapika chooni, Mzee Chilongani, kwa wema wake, alishalipakia langu kwenye basi la Bahi, kwa mama yangu.

Nilifika kwa mama Jumamosi. Alinipakulia wali na kambale wa kukaanga, wanang'aa.

"Mafuta ya safari hii matamu, baba. Ya mwaka jana hayakufikia hata nusu. Kula."

Alikuwa ameyala siku nne. Ningesemaje? Nikala, nikamaliza sahani mbele yake, na kila tonge lilikuwa na uvuguvugu wa mdomo wa mtu.

Kazi niliacha wiki ileile. Wewe uliyewekewa kioo cha kutazama kabla ya kubonyeza, ukiona kitu kiseme, hata kama utafukuzwa. Usidhani ukibonyeza yanaisha. Mama hajui mpaka leo, na kila nikienda Bahi ananiuliza nitamletea lini mengine ya tangi lile.