Mifuko ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu anajua kufunga samaki akafika mbali akiwa hai, na kwa muda mrefu jambo hilo lilinikera kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Bwawa la baba liko bondeni, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Ndugu zangu walipoondoka nyumbani mmoja mmoja, mimi ndiye niliyebaki kuwapa samaki pumba, kufyeka majani ukingoni na kupeleka vifaranga vya samaki kwa wateja. Niliwapeleka kwa ndoo na madumu yaliyokatwa juu, nimefunika kwa kanga ili maji yasiruke. Njia nzima nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili wapate hewa, mpaka mkono unakufa ganzi. Kwa mteja wa karibu walifika. Kwa mteja wa mbali nilifika na wazima na maiti pamoja, nikawatoa maiti kabla mwenyewe hajasogea. Watu waliniita mama samaki, na baba hakuamua jambo la bwawa bila kuniuliza.

Mdogo wangu alikuwa Kigoma mjini, kwenye kazi ya kufunga samaki wa rangi, wale wadogo wa ziwani wanaosafirishwa kwa ndege wakafugwe ndani ya vioo huko Ulaya. Kazi ilipopungua akarudi na begi moja, na ndani ya begi bunda la mifuko ya nailoni minene. Nilicheka. Nilimuuliza kama hizo ndizo zawadi za ziwani.

Kicheko kiliisha wiki hiyohiyo. Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaazima mtungi wa oksijeni, akaanza kufunga. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na gazeti katikati ili mwiba wa samaki ukitoboa wa ndani usifike wa nje. Pembe za chini alizifunga kwa raba, kwa sababu kifaranga akijibana kwenye pembe hatoki. Maji kidogo, theluthi tu. Akabana hewa yote ya kawaida ikatoka, akaingiza mpira wa mtungi, mfuko ukajaa, akausokota shingo, akaukunja, akaufunga kwa raba iliyokatwa kwenye mpira wa baiskeli. Kisha akaupanga ndani ya boksi lililotandikwa majani makavu ya migomba, akafunika. Alisema gizani wanatulia. Baba alitazama mwanzo mpaka mwisho, halafu akasema, "Huyu ana mkono."

Mkono wangu uliokufa ganzi miaka yote hiyo hakuwahi kuutaja.

Tangu siku hiyo nilimwonea wivu kwa kila kitu, hata kwa jinsi alivyoosha mabeseni. Wateja walifika nyumbani, wakanisalimia kwa Kiha, mwakeye, vizuri kabisa, kisha wakauliza yule wa mifuko yuko wapi. Nilikuwa nawaonyesha kwa kidevu. Nikikaa peke yangu niliomba mfuko upasuke. Siyo yote. Mmoja tu, mbele ya baba.

Kisha ikaja kazi ya Kitahana, kule Kibondo. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimechimba bwawa kwa majembe kiangazi kizima, na sasa walitaka vifaranga. Mdogo wangu hakulala vizuri wiki ile. "Dada, hawa wakifika salama tumeingia Kibondo," aliniambia. "Wakifa, jina limekwisha huko kabla halijaanza." Alisema tumeingia. Mimi nilisikia nimeingia.

Aliwatoa vifaranga bwawani, akawaweka kwenye mabeseni ya maji safi chini ya kibanda.

"Hawa wasile kitu mpaka nitakapowafunga kesho kutwa asubuhi," alisema.

"Siku mbili bila kula?"

"Wakila watachafua maji humohumo ndani ya mfuko, dada, na hawana pa kukimbilia. Maji yakichafuka, oksijeni haiwaokoi."

Nilimsikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu kwa muda mrefu nilijiambia kuwa sikumwelewa.

Kwetu msafiri haachwi atoke na njaa. Hilo hatukufundishwa, tulilikuta. Rafiki yake mama aliyekuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, siku alipokuja kuaga ili arudi Burundi, mama alimpikia maharage na ugali wa muhogo, na ingawa alikuwa na haraka alikula amesimama mlangoni, mzigo uko chini. Hata fundi akija kutengeneza bati, hashiki njia kabla hajatia kitu tumboni. Nikawatazama wale vifaranga ndani ya mabeseni, nikaona mdogo wangu ametuletea roho mbaya ya mjini. Nilijisikia mwema sana.

Asubuhi ya kufunga alikwenda mjini na bodaboda kuchukua mtungi. Nilipita kibandani. Vifaranga wakaja juu, midomo wazi, kwa sababu walikijua kivuli changu, siyo chake. Nikaingia ndani, nikachukua pumba niliyoichanganya na dagaa wa kusaga, nikawamwagia konzi moja, kisha ya pili. Walikula mpaka wakachoka. Halafu nikachukua chujio la chai nikakusanya makombo yote yaliyobaki juu ya maji. Mtu mwenye huruma tu hafichi makombo.

Akarudi, akafunga, akapanda basi na maboksi yake. Mchana simu ya baba ikaita, naye akaifungulia sauti kama kawaida yake.

"Baba, wamekufa," alisema mdogo wangu. "Karibu wote. Akina mama wamesimama hapa. Nadhani nimekosea kufunga."

Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa furaha, na siifichi. Ilinipanda mpaka nikalazimika kuinama nijifanye nachambua mboga. Baba akasema basi, mara ya pili atakwenda dada yako na ndoo zake. Nikamsikia akisema, "Sawa, baba," kwa sauti ndogo ya mtoto aliyekosea, na furaha ikanitoka yote.

Kesho yake alirudi na mfuko mmoja ambao hakuumwaga. Aliuinua juani. Maji yalikuwa ya kahawia yenye povu, na chini, kati ya zile pembe alizofunga kwa ustadi, palikuwa na tope la kinyesi na chembe za pumba. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Baba alikuwa hapohapo. Nilisubiri aseme. Akaumwaga kwenye migomba, akausuuza, akauanika kwenye kamba ya nguo.

Alimbembeleza baba mpaka akakubali wafungwe tena kwenye mifuko, ila niwapeleke mimi. Kisha akawatoa vifaranga wengine, akawaweka kwenye mabeseni yaleyale. "Dada, utaniangalizia," alisema, akaondoka akashinda mjini siku zote mbili. Niliketi kibandani. Kila niliposogea walikuja juu na midomo yao. Sikuwapa.

Asubuhi ya safari, maboksi yakiwa yamefungwa, alinitengea ugali na maharage. Nikamwambia sina njaa.

"Kula, dada," alisema. "Wewe hufungwi kwenye mfuko."

Baba akacheka, akaona ni utani. Nilikula kila tonge, na mdogo wangu hakuondoka pale mpaka sahani ilipokwisha.

Kitahana nilifanya alivyonielekeza: nikaiacha mifuko ielee bwawani kwanza mpaka maji ya ndani yakalingana ubaridi na ya nje, kisha nikafungua. Walitoka wote wakikimbia, hata mmoja hakugeuka tumbo. Akina mama walipiga vigelegele. Mkubwa wao akanikaribisha chai, akaniuliza mdogo wangu alikosea nini ile mara ya kwanza, maana tangu siku ile wanamsema vibaya.

"Hakukosea," nilisema. "Niliwalisha mimi, asubuhi ya safari, na yeye alikuwa amekataza."

Yule mama akaweka kikombe chini. "Yoo," akasema. "Uliwaonea huruma watoke na njaa. Hata mimi ningewalisha."

Akanishika mkono, uleule wa kikombe na ndoo, akaupapasa. Nikamwacha aamini hivyo.