Jinsi Nilivyomstaafisha Daktari wa Foleni ya Maji

Wakubwa wanaotoa leseni za madaktari walipotangaza kwamba wamepanga upya makundi ya leseni hizo, sikujali. Nilisoma tangazo kwenye simu nikiwa Voi, nikamaliza chai yangu. Watu wa ofisi hupenda makundi. Wape machungwa kumi, watayapanga katika makundi kumi na moja, na bado chungwa moja litakosa pa kukaa.

Kisha, nilipopanda kijijini kwa mama, daktari wetu akanijia na simu yake mkononi. Alistaafu hospitali ya serikali zamani, akarudi kwao Sagalla kulima pojo. Kila Jumamosi, mfereji ulio kando ya kanisa unapofunguliwa, watu hupanga mitungi yao kwenye foleni, na mitungi ikisubiri maji, wenyewe hukaa kwenye benchi la kanisa wamekunja mikono ya nguo. Daktari huwapima presha mmoja mmoja na kuwaandikia dawa, na karatasi zake hushuka Voi kwa bodaboda hadi duka la dawa. Mamangu ni yule mwenye mtungi wa njano uliozibwa kwa gunzi. Presha yake haimwamini mtu mwingine.

"Profesa," daktari aliniambia, jina ninaloitwa huko kwa kejeli, maana sijawahi kuwa profesa wa chochote, "hii fomu ya leseni inataka macho mapya. Nijazie."

Ningesema sijui. Lakini mtu aliyesoma chuo kikuu hasemi sijui mbele ya mamake. Makundi yalikuwa mengi: wa kawaida, bingwa, wa muda, na moja la Kiingereza kirefu ambalo mimi, kwa ufasaha wangu, nilielewa kuwa ni la mzee wa heshima asiyetafuta ajira tena. Nikasema, ndiye huyu. Nikabonyeza.

Leseni ilikuja upesi, upesi wa kutia shaka. Jina lake lilibaki kwenye orodha, na heshima yake pia. Kazi tu ndiyo aliyokatazwa: asipime, asitibu, asiandike dawa. Nilikuwa nimemtia kwenye kundi la waliotundika daluga. Kutoka humo kulihitaji maombi mapya, na uthibitisho kwamba anatibu katika kituo kilichosajiliwa. Benchi la kanisa halijasajiliwa popote, ila kwenye sala za akina mama wa Sagalla.

Muuza dawa wa Voi akatafuta namba ya leseni ya daktari kwenye kompyuta, akaona haruhusiwi kuandika dawa, akairudisha karatasi ya mama. Tembe zilizobaki zilikuwa za siku nne.

"Nilikusomesha miaka yote hiyo," mama alisema, "ili umfute mtu kazi kwa kidole kimoja?"

"Mama, makundi yao hayaeleweki."

"Nani alibonyeza?"

Siku ya tatu tukashuka Voi, mama, mimi na daktari, aliyekataa kubaki nyumbani. Kliniki tuliyoingia ilikuwa na daktari kijana, na leseni yake ilining'inia ukutani ndani ya fremu kubwa kuliko dirisha.

"Huyu mzee ni nani wa mgonjwa?"

"Jirani," akajibu daktari wetu, kofia mkononi.

Kijana akamfunga mama kifaa cha kupimia juu ya sweta. Jirani akakohoa.

"Mkunjie mkono wa sweta kwanza, mwanangu."

Kijana akamkunjia, akapima upya, akauliza anatumia dawa gani. Mama akamwonyesha jirani kwa kidevu. Jirani akataja zote, nguvu ya kila moja, saa ya kumeza, na ile iliyowahi kumvimbisha miguu. Kijana aliandika kila neno, kisha akagonga muhuri.

"Asante, mzee. Uliwahi kufanya kazi hospitali?"

"Kidogo."

Duka la dawa likaipokea karatasi bila swali. Zilikuwa dawa zilezile za mtu yuleyule, ila sasa zimepitia kundi linalotakiwa.

Jumamosi iliyofuata watu walikaa kwenye benchi na mikono ya nguo iliyokunjwa, kwa mazoea. Daktari alikaa nao, mikono yake ameitia mifukoni. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nikianza maombi mapya. Foleni ya maji ilisogea, na mtungi wa njano ukafika mbele. Nikamwambia mama aende.

"Mtungi utangoja," akasema, akasimama nyuma ya bega langu. "Soma kwa sauti. Yote. Halafu umuulize daktari mwenyewe, ndipo ubonyeze."