Nilivyosema Pole Kipupwe Kizima

Wiki iliyopita, kwenye gereji za hapa Karatu nilikokuja kusalimia, rafiki yangu fundi springi alijigonga kidole gumba kwa nyundo. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu nakunywa chai yake, nikasema, "Sori."

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Sori ya nini?" fundi akauliza, kidole kikiwa mdomoni. "Nyundo yangu, kidole changu. Wewe umefanya nini?"

"Mwache," mwingine akadakia kutoka chini ya gari la watalii. "Huyo siku hizi ni mzungu wa Ayalandi. Pole kaisahau uwanja wa ndege."

Nilicheka nao, ila moyo ulikuwa umeshaondoka. Maneno hayo, wewe umefanya nini, niliambiwa kipupwe kizima na mzee mmoja wa kando ya bahari. Siku niliyoyategemea kuliko siku zote, hakuyasema.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikafungua duka la spea hapahapa, na sikuona sababu ya kwenda mbali na jiko la mama. Nimeishi maisha yangu yote pembeni ya barabara ambayo dunia nzima inaipita kwenda kuona kreta ya Ngorongoro, na kreta yenyewe nimeingia mara moja tu, na shule, tukaikuta imejaa ukungu. Wafugaji wa Kakesio, huko ndani ya hifadhi, waliokuja dukani kununua spea za pikipiki walikuwa wakinitania, "Wewe unalala mlangoni, ndani huingii?" Nawajibu kwamba ndani kuna simba, mlangoni kuna chapati.

Mke wangu hakuolewa na duka. Yeye ni nesi, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa magharibi wa Ayalandi, kijijini, baharini kabisa. Watoto walikuwa wakubwa wana maisha yao Arusha. Tukaishi ndoa ya kwenye simu, ile ambayo nusu ya mapenzi ni "haloo, unanisikia?" Siku moja akasema, "Baba watoto, njoo ukae kipupwe kimoja. Ukizoea, tunakaa wote mpaka nimalize kazi. Usipozoea, rudi dukani kwako, sitakulaumu. Ila mimi hii ndoa ya simu nimeichoka. Ukirudi huko, sijui."

Hiyo sijui hakuimalizia, na mimi sikuomba aimalizie. Duka nikamwachia mdogo wangu.

"Kwa hiyo unaolewa," fundi springi aliniambia siku ya kuaga. "Mahari wametoa ng'ombe?"

"Kule ni kondoo," nikasema.

"Basi wamekupunja."

Baridi haikunitisha. Mimi ni mtu wa Karatu. Julai ukungu unashuka kutoka ukingo wa kreta unaingia mpaka ndani ya soksi. Tena jiografia ya kidato cha pili ilinifundisha kwamba pwani ile inapitiwa na mkondo wa bahari wenye maji ya vuguvugu. Niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo nikatua Ayalandi na koti moja la mtumba na shuka moja nyekundu. Mkondo siku hiyo ulikuwa likizo.

Mvua ya kule haitoki juu. Inatoka pembeni, kama mtu anakumwagia kwa ndoo akiwa amesimama shambani kwa jirani. Saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia. Kuku wa Karatu wangegoma kutaga. Nyumba yetu ilikuwa peke yake kwenye mteremko, imezungukwa na kuta za mawe na majani yaliyolowa, na chini bahari ilinguruma mchana kutwa kama lori linalotafuta gia mlimani na haliipati. Mke wangu akienda kazini, nilibaki mimi na sauti hiyo. Karatasi ya tiketi ya kurudi niliiweka kwenye kabati, nyuma ya sukari. Kila nikitengeneza chai, tunaonana.

Jirani zetu walikuwa wawili, kaka na dada, wazee wote, hawakuoa wala kuolewa, wanaishi kwenye nyumba ya wazazi wao na kondoo wao. Mzee alinijua kwa shuka. Asubuhi moja nilitoka nimejifunika kwenda kumwaga majivu, akaniona kutoka mbali akateremka kilima mbio. Alidhani bahari imetupa boya.

"Kumbe lina miguu," alisema alipofika.

Alikuta nyumba imejaa moshi, maana kule wanachoma udongo. Wanaukata kutoka kwenye ardhi yenye majimaji, mweusi kama keki, wanaukausha wanauwashia moto. Mimi nilikotoka udongo ni mwekundu, unaingia kwenye chai na kwenye kola ya shati, lakini hatujawahi kuutegemea kwa joto. Mzee akapiga magoti, akaupanga udongo umeegemeana kama watu wanaonong'onezana, akapuliza. Ukawaka. Alipoinuka alishika kiuno, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kofia. Nikamwambia, "Sori."

Akanitazama. "Wewe umefanya nini?"

"Mvua," nikasema.

"Mvua umeileta wewe?"

Hapo ndipo kosa langu la kipupwe kizima lilipoanzia. Mtu wa kwetu hawezi kumwona mwenzake amelowa, amebeba mzigo, amejikwaa au anatoka shamba, halafu akapita kimya. Anasema pole. Hajakiri kosa lolote. Anamwambia tu mwenzake, nimekuona. Sasa kile Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikitafuta pole, kilinipa sori, na sori hiyohiyo ndiyo samahani yao. Kwa hiyo nilikuwa naomba msamaha kijiji kizima. Mama wa posta akipiga chafya, sori. Mtu anasukuma gari lililonasa, sori. Kondoo wa mzee alipoanza kuchechemea nikasema sori, naye akamgeuza kondoo yule taratibu, akitafuta mahali nilipompiga teke.

"Mume wako ana dhambi gani?" walimuuliza mke wangu kazini. Alinisimulia huku analia kwa kucheka. Mimi nikaamua kunyamaza, lakini nilishindwa. Kupita kimya mbele ya mtu aliyebeba mzigo ni kazi ngumu kuliko kuubeba.

Dada yake mzee alikuwa akituletea mkate mzito unaoumuliwa kwa magadi badala ya hamira. Magadi! Nilipoonja tu nikakumbuka makande ya mama, nikageuka dirishani nijifanye natazama bahari. Mara ya kwanza alipokuja nilimuuliza kama atakunywa chai. Akasema hapana, usijisumbue. Nami sikujisumbua, nikajimiminia yangu nikanywa, yeye ananitazama. Jioni mke wangu akashika kichwa.

"Hukumpa chai?"

"Amekataa."

"Kule kwetu huwa unauliza mgeni kama anataka chai?"

"Hapana. Namimina tu."

"Sasa huku nani amekwambia uulize?"

Mara ya pili nilimmiminia kabla hajavua kofia, sukari ya Karatu, yaani kijiko kinasimama. Alikunywa yote. Tangu siku hiyo alikuwa haji na mkate wa wiki, alikuwa anakuja na kipande cha kila siku, na mazungumzo yasiyoisha. Alitaka kujua kila kitu: ukungu wa Ngorongoro ukoje, na kama ni kweli tembo anaweza kusimama barabarani gari zikamsubiri. Nilimweleza kreta kwa ufasaha sana kwa mtu aliyeiona siku ya ukungu.

Jikoni kwao ndipo nilipowafundisha pole. Niliwaambia si samahani, ni kitu kingine, na kina jibu lake. Ukishapata nafuu unasema, nimeshapoa. Kama hujapata, unasema, bado. Nimeshapoa ilimkwama mzee kooni akaitema. Bado aliipenda. Basi ikawa, namkuta anaburuza nyasi za kondoo kwenye upepo, nasema "Pole!" naye anapiga kelele, "Bado!"

"Huyo tangu azaliwe ni bado," dada yake alikuwa akisema.

Nisije nikadanganya kwamba nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nampigia fundi springi simu, namwambia aiweke tu hapo juu ya benchi nisikie wanavyogonga. Nilikuwa nanusa vitunguu nikikumbuka mnada wa Karatu. Mke wangu hakuuliza kuhusu tiketi. Ila niliona kwamba kila akichota sukari, analirudisha kopo mahali palepale, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika mtoto asiamke.

Januari dada wa mzee alianza kukohoa. Wakamhamishia kule anakofanya kazi mke wangu, na Februari, mchana, akafariki, mke wangu akiwa amemshika mkono. Jioni mke wangu akaingia, akasimama jikoni hajavua hata koti.

"Amekwenda," akasema.

Nikasimama katikati ya jiko. "Nifanye nini? Mila zao sizijui."

"Karatu ungefanya nini?"

Karatu ningebeba viti. Kwa hiyo nikabeba viti vyetu vyote, shuka begani, nikapanda kilima. Nikamkuta marehemu amelazwa sebuleni kwao, amevaa vizuri, watu wanaingia na kutoka, magari yamepangana kwenye kile kinjia, na jikoni kina mama wamekamata birika kubwa na kukata mikate kwa hasira ile ya msiba. Nikapewa kikombe bila kuulizwa. Kesho yake wanaume wakaenda kuchimba kaburi, kwenye kilima cha mchanga na mawe juu ya bahari. Nikachukua sepetu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Ukiwa na sepetu kwenye msiba, unajulikana. Tulichimba kwa kupokezana, mvua ikatupiga ubavuni, na kuna mmoja alitania kuhusu urefu wa marehemu, wengine wakacheka chini chini, wakaangalia kama nimekasirika. Ningekasirika vipi? Kwetu bila huyo mtani kaburi haliishi.

Baada ya kuzika, watu wakajipanga mstari kumpa mzee mkono. Nilikuwa karibu na mwisho. Mstari unasogea, nami nikawa nasikia wanachosema, mmoja baada ya mwingine, wanaume wale wale, na mama wa posta: "Sori kwa matatizo yako." Anayefuata: "Sori kwa matatizo yako."

Nikashtuka. Kijiji kizima kilichonicheka kilikuwa kimejipanga kinasema sori, na hakuna hata mmoja aliyefanya kosa. Ilikuwa pole. Walikuwa nayo muda wote. Walikuwa wameitunza tu, kama vyombo vya wageni, inatoka siku ya msiba inarudi kabatini.

Zamu yangu ikafika. Mkono wangu ulikuwa bado na udongo wa kaburi. Nikajiandaa kwa utani wake, kusema kweli niliutaka, ili nijue yule mzee bado yupo. Kiingereza kikanikimbia.

"Pole, mzee wangu," nikasema, kwa lugha yangu.

Hakuniuliza nimefanya nini. Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili, akatazama baharini, akajibu taratibu, na hakukosea herufi.

"Bado."

Watu walikuwa wanasubiri nyuma yangu, naye hakuniachia.

Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kwake kila asubuhi kuwasha moto, maana kuwasha moto ilikuwa kazi ya dada yake. Udongo ulishanikubali. Napanga, napuliza, unashika. Yeye anakaa, haongei sana, namimina chai bila kuuliza.

Kipupwe kikaisha kwa kalenda. Kwa mvua sikuona tofauti. Asubuhi moja mke wangu alisimama mbele ya kabati na sare yake ya kazi, kopo la sukari mkononi.

"Baba watoto. Umezoea?"

Nikatazama nje. Upepo ulikuwa unaitandika shuka yangu kwenye kamba. Bahari ilikuwa bado inatafuta gia. Ng'ambo ya ukuta wa mawe, bomba la nyumba ya mzee halikuwa na moshi.

"Bado," nikasema.

Akaliweka kopo mezani. "Bado ya kurudi, au bado ya kukaa?"

"Mtu aliyekata tamaa husema sitazoea. Mimi nimesema bado." Nikaichukua shuka kwenye kamba, imelowa, nikajifunga hivyo hivyo. "Ngoja nikamwashie mzee moto, ataganda."

"Pole kwa kazi," akasema.

Niliporudi alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Moto wetu ulikuwa unawaka vizuri, tena yeye siku zote moto wa udongo ulimshinda bila karatasi. Nikatia chai, nikafungua kabati. Nyuma ya sukari hapakuwa na kitu.