Rasta za Tantine

Tantine alisema mtu haendi kutafuta kazi na kichwa kama kile changu. Ni dada mdogo wa mama, na sisi wa Lubumbashi mama mdogo tunamwita hivyo. Ana saluni Doornfontein, hapa Johannesburg, chumba kimoja chini ya ghorofa, na kioo kimoja ambacho wateja wote hukigombania. Yeye mwenyewe hufunga kitambaa mwaka mzima. Mganga hajigangi.

Kazi yenyewe ilikuwa kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana mabega. Niliujulia kwenye uwanja wa majani karibu na kwetu Bertrams, ambako vijana wa chuo walifanya mazoezi jioni. Katika soka nilikuwa golikipa, kwa hiyo mikono ilijua kudaka, na mbio Mungu alinijalia. Wakaniweka kuwa mpokeaji wa pembeni. Kazi yake haina falsafa: unatimka ukingoni mwa uwanja, mwenzako anarusha mpira mbali, unaudaka, kisha unazidi kukimbia kabla hawajakuangusha.

Siku moja tukaambiwa makocha kutoka Marekani wanakuja Johannesburg kufanya majaribio. Atakayewapendeza wataondoka naye, akalipwe kwa kucheza. Wakati huo nilikuwa nauza makava ya simu Newtown, na zilikuwapo siku nilizorudi nayo yote. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Tantine hakuuelewa mchezo, lakini alikuwa na shida yake. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa saluni mpya yenye taa za rangi, na wateja wake walikuwa wameanza kuvuka.

"Kule batu watakuwa wengi?" akaniuliza.

"Wengi, Tantine."

"Na picha watapiga?"

"Watapiga."

Akanivutia kiti. Kutwa nzima alinisuka rasta za kuongezea, nyeusi, zenye ncha za rangi ya dhahabu, zikashuka mpaka kiunoni. "Kila mwenye kukuona atauliza nani alikusuka. Utajibu nini?"

"Tantine wa Doornfontein, pale karibu na robot, zile taa za kuongozea magari."

"Sharp," akasema, akanipaka mafuta shingoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema. Mimi nilikuwa kizuri kinachotembezwa, na sikuona ubaya wowote. Njiani kurudi nyumbani nilijitazama kwenye kioo cha kila gari lililoegeshwa.

Siku ya majaribio Tantine alikuja na wateja wake waaminifu, wamevaa vitenge na viatu vya kisigino kama wanaokwenda harusini. Zamu yangu ikafika. Nikatimka, nikamwacha aliyenikaba, nikageuka, mpira ukatua mikononi. Niliwasikia akina mama wakipiga vigelegele. Halafu kichwa changu kikarudi nyuma peke yake. Jamaa niliyemwacha nyuma alikuwa amezishika rasta kwa mikono miwili. Nilianguka chali, mpira ukaniponyoka.

Nilipofumbua macho, Tantine alikuwa katikati ya uwanja. "Weye! Achilia iyo nywele! Nimetumika siku nzima kuisuka, weye unavuta?"

Jamaa, mrefu kama mlango, akainua mikono juu. "Eish, sori mama."

Kocha akaja, akaeleza taratibu kwa Kiingereza, nami nikamfasiria Tantine: katika mchezo huu, nywele zilizotoka nje ya kofia ni sehemu ya mavazi. Mwenye mpira anaweza kuvutwa kwazo, na si kosa.

"Kwa hiyo hata huko Marekani watakuvuta?"

"Kila mechi, Tantine."

Kocha akasema kila mmoja atapewa nafasi moja zaidi, na kundi letu litakuwa la mwisho. Nilikuwa na hasira, na nilimkasirikia Tantine kabisa, kana kwamba ndiye aliyenivuta. Sikumwangalia.

Yeye aliketi juu ya sanduku la maji, akaniita niketi chini, mbele ya magoti yake. Akatoa wembe kwenye mkoba.

"Tantine, wateja wako wanaona."

"Waone."

Akaanza kukata. Ncha za dhahabu zilianguka kwenye majani, kazi yake ya kutwa nzima, na hakuna aliyekuwa amepiga picha hata moja. Wateja wake wakavua viatu vya kisigino, wakanizunguka, wakafumua kwa vidole kumi kumi huku wakinigombeza nisitikisike. Kisha Tantine akanisuka mistari ya kulala, ile ambayo Watanzania wa mtaani kwetu huiita twende kilioni. Jina halikunipa moyo. Lakini kofia ilikaa vizuri, na hakuna unywele uliochungulia.

Safari ya pili aliyenikaba alikuwa jamaa yule yule. Alinyoosha mkono nyuma ya shingo yangu, akashika hewa. Nilikimbia na mpira mpaka mwisho wa uwanja, na nikaendelea kukimbia hata baada ya filimbi kwa sababu sikujua la kufanya na furaha ile.

Wakanichukua. Sikuwa nyota, nisiwadanganye. Mwanzo walinitumia mazoezini tu, baadaye nikacheza mechi za kweli na kudaka mipira ambayo mpaka leo naikumbuka mmoja mmoja. Wenzangu waliachia nywele zikapepea mgongoni. Mimi, kila msimu kabla ya kuondoka, nilipita Doornfontein kusukwa twende kilioni. Tantine alizitazama mechi kwenye simu bila kujua nani anashinda. Alingoja nivue kofia, kisha akanitumia ujumbe: mstari wa kushoto umelegea, nani amekushika kichwa?

Goti lilipoanza kunigomea, timu ikaniacha. Nilimpigia nikiwa nimeketi ndani ya gari, nikalia bila aibu. "Tantine, mpira umekwisha. Hawanitaki tena."

Nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikizimwa.

"Kwa hiyo hakuna tena mutu wa kukuvuta?"

"Hakuna, Tantine."

"Basi njoo nyumbani. Nikusuke ndefu."